Mtoto Asiogope Kipimo

Leo nataka tuzungumze kuhusu daftari.

Ni lile daftari dogo ambalo mtoto mwenye kisukari huenda nalo kliniki, lenye safu za tarehe, saa na namba za sukari aliyopima. Wauguzi wa kliniki za watoto wanalijua vizuri. Wanalijua pia daftari la aina nyingine, ambalo kila ukurasa umejaa 6, 7, 6, 8, 7, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, halina alama ya damu wala kona iliyokunjika. Mtoto kakaa kwenye benchi anaangalia chini. Kinafanyika kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile ambacho kwenye fomu huandikwa HbA1c, na jibu linatoka asilimia 12 au 13, wakati lengo kwa watoto wengi ni chini ya 7. Namba za daftari na namba ya maabara haziwezi kuwa za mtoto mmoja. Daftari lile limeandikwa jana usiku, lote, kwa mkupuo mmoja.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mtoto yule hakuanzia uongo kliniki. Alianzia nyumbani, siku aliyopima akapata 18, mtu mzima akamkazia macho na kumuuliza, "Umekula nini wewe?" Siku ya pili akapata 16, akaambiwa kwamba watu wanahangaika kumtafutia dawa na yeye hana shukrani. Siku ya tatu hakupima. Aliandika 7, na wote nyumbani wakafurahi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana hapo ndipo lawama zinapoanzia. Watoto wengi wenye kisukari huku kwetu wana kile cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili inazigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziharibu. Ugonjwa huu hauletwi na pipi, wala soda, wala uji wenye sukari nyingi. Hakuna mama aliyemletea mwanawe ugonjwa huu kwa chakula alichompikia. Insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu na mwili unakaa na njaa. Kabla insulini haijapatikana, mtoto wa namna hii aliishi miezi, pengine mwaka mmoja au miwili. Mtu wa kwanza kudungwa insulini kama tiba alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kijana wa umri wa kidato cha pili. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa habari hii imekuwa habari ya vijana, ingawa mtaani tukisikia "sukari" tunamfikiria mzee.

Na hapa Dar es Salaam habari hii si mpya. Kati ya mwaka 1982 na 1991 madaktari Andrew Swai, Janet Lutale na Donald McLarty wa Hospitali ya Muhimbili waliwafuatilia watoto na vijana wa jiji hili waliokuwa wakigundulika na kisukari. Walipata wagonjwa wapya takriban 1.5 kwa kila watu 100,000 wa umri huo kwa mwaka. Ni namba ndogo ukiilinganisha na nchi kama Finland. Lakini mtoto aliyefariki kabla hajapimwa haingii kwenye hesabu yoyote, nami siwezi kuisoma namba ile bila kuwafikiria wale ambao hawakufika. Baadaye, mwaka 2007, Dakta Edna Majaliwa na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 99 waliokuwa wakitibiwa Muhimbili. Karibu wote sukari yao ilikuwa juu ya lengo, na wengi ilikuwa juu mno. Walikuwa wanadungwa insulini, maana bila hiyo wasingekuwa hai. Ila sindano bila kujua sukari iko wapi ni sindano ya kubahatisha.

Tangu siku zile mambo yamesogea. Chama cha Kisukari Tanzania na washirika wake, pamoja na mipango ya kimataifa kama Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, na Life for a Child wenye makao yake Sydney, wamewawezesha watoto wengi kupata insulini, sindano, mashine ya kupimia na stripu, vile vipande vidogo vya kuwekea tone la damu, bila malipo kliniki. Hilo ni jambo kubwa, na waliolifanyia kazi wanastahili shukrani. Tatizo linabaki kwenye zile stripu. Mwongozo wa kimataifa unataka mtoto apime mara 6 hadi 10 kwa siku. Misaada kwa kawaida huhesabu mara mbili au tatu. Hata ukisema upime mara nne tu, kwa mwezi ni stripu 120, yaani maboksi mawili ya hamsini na bado hazijatosha. Mashine isiyo na stripu ni ya kuweka kabatini tu. Tena kila mashine ina stripu zake. Za mashine nyingine haziingii, na zikiingia hazisomi.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu walioko Oman, Uingereza na Marekani, ambao kwa mapenzi yao hutuma mashine nzuri kwa mtoto wa dada au wa kaka. Kabla hujanunua, mwambie mama wa mtoto aulize kliniki na duka la dawa la karibu yake ni stripu zipi zinapatikana. Angalia pia kipimo inachotumia. Huku tunasoma kwa milimoli, 5 au 9 au 14. Mashine za Marekani husoma kwa miligramu, na pale 120 ni sawa na 6.7 ya huku, yaani sukari nzuri kabisa. Bibi aliyezoea milimoli akiona 120 kwenye kioo, nyumba nzima italala hospitali. Ukikutana na namba ya miligramu, igawe kwa 18.

Sasa, stripu zikiwa chache mtoto apime lini? Nakuomba usikilize hapa kwa makini, kwa sababu familia nyingi hupima asubuhi tu, kila siku asubuhi, mpaka zinaisha. Hapo unaijua asubuhi vizuri sana, na kuhusu mchana na usiku hujui lolote. Ni afadhali uzungushe. Jumatatu kabla ya chai na kabla ya kulala. Jumanne kabla ya chakula cha mchana na kabla ya cha usiku. Jumatano saa mbili baada ya kula. Siku moja moja, hasa dozi ikibadilishwa, amka saa tisa usiku umpime akiwa kalala. Baada ya wiki mbili au tatu unaona sura ya siku nzima ya mtoto, na daktari ana kitu cha kufanyia kazi. Anaweza kusema, kumbe tatizo ni jioni, tupunguze hapa tuongeze pale. Ukimpelekea asubuhi 20 mfululizo, umempa kipande kimoja tu cha siku.

Ziwepo stripu chache za akiba ambazo hazimo kwenye mzunguko huo. Hizo ni za dharura: mtoto anatetemeka, anatapika, ana homa, au anasema tu "sijisikii vizuri". Mwamini anaposema hivyo.

Kupima kwenyewe kuna mambo madogo yanayoharibu jibu. Msimu wa maembe, Novemba mpaka Januari, mtoto katoka kula embe, vidole vina maji ya embe, anatoboa kidole na mashine inasoma 19. Sukari ile ni ya embe lililo kwenye ngozi. Anawe mikono kwa maji na sabuni, aikaushe, ndipo apime. Atoboe pembeni ya kidole, si katikati ambapo panauma zaidi, na abadilishe vidole. Kichupa cha stripu kifungwe kila mara, maana unyevu wa hewa ya Dar huziharibu haraka, na tarehe ya mwisho isomwe.

Na insulini nayo, wengi wetu tunaishi chini ya mabati, jua la Februari likiwaka, friji hakuna au ipo na umeme umekatika. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi isipate joto kali. Chungu cha udongo ndani ya kingine, katikati mchanga ulioloweshwa maji, kikiwekwa kivulini penye upepo, kinapunguza joto la ndani. Njia hii imepimwa kitaalamu kwenye nchi za joto na imeonekana inasaidia. Insulini iliyoungua kwa jua mara nyingi haina alama nje, utaona tu sukari ya mtoto inapanda na dozi ni ile ile, kisha lawama zinamwangukia yeye.

Nikirudi kwenye lawama. Mzazi, sukari ya mtoto hupanda kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na wizi wa andazi. Hupanda akiwa na malaria, mafua, jipu au jino bovu. Hupanda akiwa na hofu ya mtihani. Na ikifika balehe hupanda hata akila kama ulivyomwambia, kwa kuwa homoni za kukua zinapingana na insulini, kwa hiyo kijana wa miaka 13 au 15 huhitaji dozi kubwa kuliko alivyohitaji akiwa na miaka 9. Wasichana wengine sukari yao hupanda siku chache kabla ya hedhi. Umri huo huo ndio kijana anataka kuwa kama wenzake, hataki kutoa sindano mbele ya watu, amechoka kuulizwa amekula nini. Ukimpigia kelele kwa sababu ya namba, unamfunza kuificha. Siku akifichua, atafichua akiwa amelazwa.

Kwa hiyo akipima akapata 18, swali la kwanza liwe, "Haya, tunafanyaje?" Alidungwa insulini? Dawa ni nzima? Anaumwa? Anywe maji. Apime tena baadaye. Kama anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na kwa kina, au pumzi ina harufu ya matunda yaliyovunda, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali sasa hivi. Na hata kama anaumwa na hali chochote, insulini haiachwi. Watoto wengi wameangamia kwa sababu mtu mzima alisema, "Hajala, tusimdunge." Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari, lakini haikatwi.

Sukari ikiwa chini ya 4, mambo huenda kasi zaidi. Mtoto anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa mkali bila sababu, anaongea ovyo, kwenye daladala watu wanadhani kalewa. Akianguka na kukakamaa watasema ni degedege au amepandwa na pepo, na muda unapotea kwenye maombi au kwenye kafara. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Mtoto mdogo apewe pungufu ya hapo. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Nimetaja maombi, na sitaki kupita juu juu. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kuwa yanapona. Imani ya mtu siigusi. Lakini dawa yoyote mtu atakayokuletea kwa ajili ya mwanao, iwe ya kikombe, ya majani au ya chupa iliyotoka mbali, iulize mashine. Endelea na insulini na upime. Kwa mtoto wa aina ya kwanza, siku chache bila insulini zinatosha kumpoteza, na yule aliyekuuzia dawa hatakuwepo usiku huo.

Tuje kwenye shule, kwa sababu huko ndiko mtoto anakotumia saa nyingi za siku. Mchukue binti wa Chamazi au kijana wa Bunju. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anadungwa, anapaswa kula ndani ya nusu saa hivi. Chai haijawa tayari, daladala ya kwanza ikimpita atachelewa shule, anaondoka na andazi mkononi. Amesimama njia nzima. Saa tatu asubuhi sukari imeshuka naye yuko kwenye hesabu. Akiomba ruhusa ya kutoka anaonekana mtoro, akitoa biskuti kwenye begi anaonekana mkosefu wa adabu. Shida nyingine ni zile shule za zamu mbili, ambazo tunazo pembezoni mwa jiji kwa sababu ya wingi wa watoto. Mtoto anayebadilishiwa zamu, wiki hii asubuhi wiki ijayo mchana, anabadilishiwa pia saa za kula na za sindano. Mwalimu anayepanga ratiba hajui hilo mpaka aambiwe.

Basi aambiwe. Mzazi, nenda shuleni na barua ya kliniki, muone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Waombe mambo machache: apime darasani bila kuomba ruhusa, ale akihitaji, aende msalani mara nyingi anavyotaka, na asiadhibiwe kwa lolote kati ya hayo. Wawepo walimu wawili wanaojua dalili za sukari kushuka. Mwalimu wa michezo ajue kwamba kukimbia kunashusha sukari, pengine hata usiku wa siku ile, kwa hiyo apime na ale kidogo kabla ya mechi, kisha acheze. Asiwekwe pembeni na mpira. Akiwa bweni, rafiki mmoja wa kitanda cha jirani aelekezwe namna ya kumpa sukari. Mnaosikiliza mlio walimu wa Mbagala, Yombo, Tandale, Tegeta, kazi hii haihitaji bajeti ya halmashauri.

Kuna jambo ambalo lingeweza kuanza kesho kwenye zahanati zetu. Mtoto akifikishwa na homa au uchovu, kidole kinatobolewa kwa kipimo cha haraka cha malaria. Tumekizoea kiasi kwamba mtoto mwenyewe anatoa kidole bila kuambiwa. Lakini mtoto anayeanza kisukari naye huja amechoka, anatapika, anahema, na haraka haraka anaandikiwa dawa ya malaria, ya taifodi au ya kifua, kisha anarudishwa nyumbani. Wengi wa watoto hawa hugundulika wakiwa mahututi. Kidole kile kile, kabla damu haijakauka, kingetoa tone la pili kwa ajili ya sukari na jibu lingepatikana kwa sekunde chache. Najua stripu za zahanati nazo ni chache. Basi zianze kwa mtoto anayekunywa maji mno, anayekojoa kila mara, aliyekonda ghafla, au aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani na ameanza tena. Huyu wa mwisho mara nyingi huchapwa kwanza. Wazee wetu waliangalia kama sisimizi wanakusanyika pale mgonjwa alipokojoa. Walikuwa wanapima sukari kwa walichokuwa nacho.

Mama, baba, bibi unayelea, ukiwa pale zahanati na mtoto ana dalili hizo, sema kwa heshima, "Daktari, naomba mpimeni na sukari." Ikibidi useme mara ya pili, sema. Wakikosa stripu, omba rufaa siku hiyo hiyo kwenda hospitali ya Temeke, Mwananyamala au Amana.

Nimalizie na vijana wanaovuka miaka 18. Kliniki ya watoto inawaaga, wanahamia ya wakubwa, wanakaa foleni moja na wazee wa miaka 60 wenye kisukari cha aina nyingine. Mama hayupo tena kushika daftari. Wengine wameanza vibarua, wengine chuo, na baadhi ya mipango ya misaada huishia wakifika miaka ya ishirini na kitu. Wengi hupotea kliniki katika miaka hiyo. Kaka, dada, kama ni wewe na una miezi hujapima, rudi. Hata kama kipimo cha miezi mitatu kitasoma 14, rudi na namba yako ya kweli, umwambie daktari stripu ziliisha lini na dozi gani umekuwa ukiruka. Hapo ndipo matibabu yanapoanzia. Na nyie wahudumu mtakaompokea, mkiona 14 kwenye fomu, muulizeni anaishi na nani, anakula saa ngapi, na insulini yake anaiweka wapi.